Kichanga mikononi mwa zimamoto: sheria ya Marekani inaruhusu nini hasa

Kila baada ya muda huzuka video ileile kwenye makundi ya WhatsApp: kisanduku kilichojengwa ukutani katika kituo cha zimamoto huko Marekani, kina mlango mdogo wa chuma, na ndani yake kuna kitanda cha mtoto. Maoni yanayofuata hayabadiliki. Mmoja atasema Wazungu wamefika pabaya, sasa wamehalalisha kutupa watoto. Mwingine atajibu kwamba heri wao, maana huku kwetu vichanga huokotwa majalalani. Wote wawili wamepita kando ya sheria yenyewe.

Kutupa mtoto hakujahalalishwa. Kumwacha kichanga chooni, kichakani au kwenye ngazi za kanisa ni kosa la jinai nchini humo kama lilivyo kwetu. Kilichoongezwa ni mlango mmoja mwembamba. Mzazi akimpeleka mtoto mahali palipotajwa na sheria, kabla hajapita umri uliotajwa, akamkabidhi kwa mtu aliyetajwa, na mtoto asionekane kuwa aliumizwa, dola itampokea mtoto na haitamfuata mzazi. Masharti ni hayo manne. Likikosekana moja, kinga inaweza kuanguka yote. Na katika hayo manne, linalosahaulika zaidi, hata na Wamarekani wenyewe, ni hilo la mtu wa kumpokea.

Ilivyoanza

Miaka ya 1990 ilikuwa na kesi zilizowatikisa Wamarekani. Mwaka 1997 msichana wa New Jersey alijifungua chooni akiwa kwenye dansi ya wanafunzi wa mwaka wa mwisho, akamwacha mtoto kwenye pipa la taka, akarudi ukumbini. Mtoto alikufa. Mwaka uliofuata, mjini Mobile, Alabama, ofisi ya mwendesha mashtaka ilikubaliana na hospitali za eneo hilo kwamba mama atakayeleta kichanga akiwa mzima hatashtakiwa. Haikuwa sheria bado, ilikuwa ahadi ya ofisi moja tu.

Kisha ikaja Houston. Katika muda wa takriban miezi kumi, vichanga 13 walitelekezwa jijini humo na viungani mwake, na baadhi yao waliokotwa wakiwa wamekwishakufa. Mbunge wa jimbo, Geanie Morrison, alipeleka muswada bungeni, na mwaka 1999 Gavana George W. Bush akautia saini. Texas ikawa jimbo la kwanza kuwa na sheria ya aina hiyo. Waliiita Sheria ya Mtoto Musa, na jina hilo lilichaguliwa kwa busara. Anayejua kisa hicho, awe amekisoma katika Biblia au katika Qur'ani, anajua kwamba mama yake Musa hakumtupa mwanawe mtoni. Alimlaza kwenye kisafina, kisha dada wa mtoto akatumwa afuatilie kwa mbali aone nani atamwokota.

Majimbo mengine yalifuata kwa kasi isiyo ya kawaida katika nchi ambayo majimbo yake hugombana kwa karibu kila jambo. Kufikia 2008 yote 50 yalikuwa na sheria zao. Siri ya kasi hiyo si ngumu kuiona: wapinzani wa utoaji mimba waliipenda, watetezi wa wanawake hawakuwa na sababu ya kuipinga hadharani, na haikugharimu fedha nyingi. Sheria isiyo na adui hupita haraka, na inayopita haraka huandikwa kwa pupa. Tutaliona hilo Nebraska.

Nani anapokea

Tuichukue Michigan, kwa kuwa sheria yake, iliyoanza kutumika mwaka 2001, imemwelezea mpokeaji kwa uangalifu mkubwa. Mtoa huduma ya dharura, kwa maana ya sheria hiyo, ni mwajiriwa au mkandarasi wa idara ya zimamoto, hospitali au kituo cha polisi, aliyevaa sare au anayetambulika kwa namna nyingine, aliye zamu, ndani ya jengo. Au ni mhudumu wa gari la wagonjwa aliyefika baada ya kuitwa kwa namba 911, ya simu za dharura.

Maneno "aliye zamu, ndani ya jengo" yanaonekana madogo, lakini ndiyo yanayobeba sheria nzima. Takriban theluthi mbili ya wazima moto wa Marekani ni watu wa kujitolea. Vituo vyao vya vijijini hukaa vimefungwa saa nyingi: gari limo ndani, wao wako mashambani, madukani na viwandani, wakisubiri kuitwa. Mama aliyesikia tu kwamba "zimamoto wanapokea watoto" anaweza kumlaza kichanga mlangoni usiku wa Januari, baridi ikiwa chini ya sifuri, akaondoka akiamini ametii sheria. Kumbe hajatii. Na mtoto aliyezaliwa saa mbili zilizopita, ambaye huenda hata hakukaushwa vizuri, hupoteza joto la mwili haraka kuliko mtu mzima yeyote. Ndiyo maana majimbo mengi yanataka mtoto aingie mkononi mwa mtu, au walau mzazi ahakikishe kuna mtu anayejua kwamba mtoto yuko pale.

Njia ya kupiga simu ndiyo ninayoiona ya maana kuliko zote, ingawa haina picha nzuri ya kuzungusha mitandaoni. Mwanamke aliyejifungua peke yake bafuni si mtu wa kuendesha gari kwenda kutafuta kituo. Huenda kondo la nyuma halijatoka. Huenda anavuja damu. Anapopiga 911, wanaofika wanakuta wagonjwa wawili, na wanawahudumia wote wawili. Michigan iliweka njia hiyo kwenye sheria yake, Minnesota nayo inayo, na mwaka 2024 Florida ikaiongeza: mzazi anaweza kupiga simu, akataja mahali, na wahudumu wa dharura wakamfuata huko.

Zimamoto au mhudumu akishampokea mtoto, kinachofuata kimepangwa. Kwanza ni uhai: kumkausha, kumfunika, kuangalia pumzi na rangi, kuangalia kama kitovu kimefungwa. Kisha, ikiwa mzazi bado yupo, kuna mambo anayopaswa kuambiwa. Huko Michigan anaambiwa wazi kwamba kwa kumkabidhi mtoto anamwachia aasiliwe na familia nyingine, na kwamba ana siku 28 za kwenda mahakamani kuomba arudishiwe. Anapewa maelezo kwa maandishi. Anaombwa kueleza historia ya afya ya familia. Anaombwa, halazimishwi. Jina lake si sharti.

Ombi hilo la historia ya afya si urasimu. Damu inayochukuliwa kisiginoni mwa mtoto itaonyesha ugonjwa wa selimundu, maana majimbo yote ya Marekani huipima kwa kila mtoto anayezaliwa. Haitaonyesha kwamba bibi yake alikufa kwa saratani ya matiti akiwa na miaka 38, wala kwamba mama alikuwa anatumia dawa fulani wakati wa mimba. Karatasi moja iliyojazwa kwa kalamu iliyoazimwa inaweza kuwa kitu pekee ambacho mtoto atawahi kupata kutoka upande wa damu yake.

Toka hapo mtoto hupelekwa hospitali akapimwe. Katika majimbo mengi hospitali huiarifu idara ya ustawi wa watoto, nayo huchukua dhamana. Michigan hospitali huliarifu moja kwa moja shirika lenye leseni ya kuwatafutia watoto wazazi wa kuasili, ambalo tayari lina familia zilizokaguliwa na kuidhinishwa. California ina utaratibu wake: mtoto hufungwa kikuku chenye namba kifundoni, na mzazi hupewa kingine chenye namba ileile. Akibadili mawazo ndani ya siku 14, namba hiyo humsaidia kuonyesha kwamba anayemdai ndiye huyo. Hata hivyo harudishiwi mtoto kwa kuonyesha kikuku tu. Idara hutazama kwanza kama mtoto atakuwa salama.

Kwa wasomaji wa Kiswahili walioko huko, na ni wengi, maana wakimbizi kutoka Kongo na Burundi wamejenga jamii kubwa katika miji kama Grand Rapids huko Michigan, kuna mambo mawili ambayo mabango hayasemi. La kwanza: hospitali zinazopokea fedha za serikali kuu zinapaswa kumpatia mgonjwa mkalimani bila malipo, na anayepokea simu ya 911 kwa kawaida anaweza kumuunganisha mkalimani kwenye laini. Kutaja neno "Swahili" kunatosha kuanza. La pili linahusu karatasi. Kwa kuwa jina haliulizwi kwa lazima, hali ya uhamiaji ya mzazi haina mahali pa kuingilia. Mtoto naye hapotezi uraia kwa kukosa wazazi wanaojulikana: sheria ya uraia ya Marekani humhesabu mtoto wa wazazi wasiojulikana, aliyepatikana nchini humo kabla ya kutimiza miaka 5, kuwa raia tangu kuzaliwa, isipothibitishwa kabla hajafikisha miaka 21 kwamba alizaliwa kwingine.

Umri, na maafa ya Nebraska

Hapa ndipo mtu anapochanganyikiwa, kwa sababu hakuna sheria moja ya nchi nzima. California iliweka saa 72. Texas inaruhusu hadi siku 60. New Mexico ni siku 90, North Dakota hadi mwaka mzima. Florida ilikuwa siku 7 na mwaka 2024 ikapanda hadi siku 30. Mtu anaweza kuvuka mpaka wa jimbo kwa dakika kumi za gari akajikuta amehama kutoka kwenye kinga na kuingia kwenye kosa.

Tofauti haziishii kwenye siku. Kuna majimbo yanayomtaja mama peke yake, mengi yanasema mzazi yeyote, na machache yanakubali mtu aliyetumwa na mzazi. Kuna yanayosema mzazi hatashtakiwa kabisa, na kuna yanayompa tu utetezi wa kuutumia mahakamani akishashtakiwa. Hiyo ya pili, kwa maoni yangu, ni kinga ya jina. Mwanamke wa miaka 19 anayetetemeka hawezi kupima tofauti ya "hutashtakiwa" na "ukishtakiwa utakuwa na la kusema".

Nebraska ilikuwa karibu ya mwisho. Wabunge wake walikuwa wakivutana kuhusu umri, wengine wakitaka saa 72 tu, wengine wakiona ni kidogo mno. Mwishowe wakakubaliana kuandika neno "mtoto" bila kutaja umri wowote. Sheria ikaanza kutumika Julai 2008. Katika miezi minne iliyofuata, zaidi ya watoto 30 waliachwa katika hospitali za jimbo hilo, na hakuna hata mmoja aliyekuwa kichanga. Wengi walikuwa vijana balehe. Mwezi Septemba baba mmoja mjini Omaha aliacha watoto wake tisa siku moja. Wazazi wengine walisafiri kutoka majimbo ya mbali, hata Georgia na Michigan, wakiwa na watoto ndani ya gari.

Magazeti yalicheka, kisha yakaacha kucheka. Wazazi wale, walipohojiwa, hawakuwa watu waliochoka kulea. Wengi walikuwa na vijana wenye maradhi makali ya akili, waliotishia kuua ndugu zao, na wazazi walikuwa wamehangaika miaka mingi kutafuta matibabu wasiyapate au wasiyamudu. Walikuwa wameambiwa kwamba njia ya kupata huduma ni mtoto kuwa chini ya dola, na sasa dola ilikuwa imefungua mlango. Novemba bunge liliitwa kwa kikao maalumu, na Gavana Dave Heineman akatia saini marekebisho yaliyoweka kikomo cha siku 30. Mlango ukafungwa. Jambo lisilosimuliwa mara nyingi ni kwamba mwaka 2009 bunge hilohilo lilitunga sheria nyingine ya kuanzisha simu ya msaada kwa familia zenye watoto wa namna hiyo. Kosa la uandishi lilikuwa limefichua hitaji ambalo hakuna tume iliyowahi kuliona.

Kisanduku cha ukutani

Sasa turudi kwenye video. Visanduku vile vilianza Indiana mwaka 2016, katika kituo cha zimamoto cha mji mdogo wa Woodburn. Aliyevianzisha ni Monica Kelsey, aliyekuwa zimamoto na mhudumu wa dharura, ambaye mwenyewe aliachwa hospitalini alipozaliwa. Amesimulia hadharani kwamba wazo alilipata Afrika: alipotembelea Cape Town aliona kanisa lenye kitundu cha kupokelea watoto ukutani. Afrika Kusini ilikuwa na desturi hiyo tayari. Mjini Johannesburg, kanisa moja la Berea lilitoboa ukuta wake mwaka 1999, mwaka uleule Texas ilipotunga sheria. Kwa hiyo anayesema visanduku ni uzungu mpya amekosea mara mbili. Vimepita Afrika kabla ya kufika Indiana, na Ulaya ilikuwa navyo karne nyingi zilizopita kwenye kuta za nyumba za watawa.

Kazi ya kisanduku ni rahisi kuielewa. Mlango wa nje ukifunguliwa, kengele hulia kwa wahudumu wa dharura, sio nje kwa mama. Mtoto akilazwa, kitambuzi cha ndani hupeleka ishara ya pili. Mlango ukifungwa hujifunga kwa kitasa na hauwezi kufunguliwa tena kutoka nje. Ndani kuna joto linalodhibitiwa. Wahudumu hufungua kwa upande wao. Leo kuna mamia ya visanduku hivyo katika majimbo mengi, na sheria za majimbo kadhaa zilibidi zirekebishwe ili mtoto aliyewekwa kisandukuni ahesabike kuwa amekabidhiwa.

Visanduku vinajibu tatizo lile la kituo kisicho na mtu. Vinajibu pia tatizo la aibu, na hilo si dogo: kuna wanawake ambao hawatasimama mbele ya mtu mwenye sare hata kwa dakika moja. Lakini kuna kinachopotea. Kisanduku hakimuulizi mama kama anavuja damu. Hakimwambii kwamba ana siku kadhaa za kubadili mawazo, isipokuwa kwa karatasi iliyowekwa ndani, ambayo huenda asiichukue. Hakiwezi kutambua kwamba aliyekuja na mtoto si mama bali ni mwanamume anayemlazimisha. Zimamoto mwenye macho anaweza. Kwa hiyo wanaoviunga mkono na wanaovipinga hawabishani kuhusu wema, wanabishana kuhusu nini kipewe uzito zaidi, siri kamili au macho ya mtu mmoja.

Je, vifo vimepungua?

Mwaka 1970 daktari wa akili Phillip Resnick alitenganisha mauaji ya watoto wanaouawa ndani ya saa 24 za kwanza na mauaji mengine ya watoto, kwa kuwa aliona wahusika ni wa aina tofauti: mara nyingi mama mdogo, asiyeolewa, aliyeficha mimba, na ambaye hakuwa na mpango wowote. Siku ya kuzaliwa ndiyo siku ya hatari kubwa kuliko zote katika maisha ya mtoto, kwa upande wa kuuawa.

Kituo cha taifa cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, CDC, kililinganisha miaka 1989 hadi 1998, kabla ya sheria hizi, na 2008 hadi 2017. Kiwango cha mauaji ya siku ya kwanza kilishuka kwa asilimia 66.7. Ni mshuko mkubwa, na watetezi wa sheria huutaja kila wanapopata nafasi. Watafiti wenyewe walikuwa waangalifu zaidi. Katika kipindi hichohicho mimba za wasichana wa shule zilipungua sana, njia za uzazi wa mpango ziliongezeka, na karibu kila mtu alipata simu mfukoni. Huenda sheria ilichangia, lakini hakuna mtu anayeweza kukata fungu lake na kulipima. Kinachohesabika ni waliokabidhiwa: mashirika yanayofuatilia yanahesabu zaidi ya 4,000 nchini kote tangu 1999. Wangapi kati yao wangetupwa, na wangapi wangeasiliwa kwa njia ya kawaida hata kama sheria isingekuwepo, ni swali ambalo mama peke yake anaweza kulijibu, na sheria imeahidi kutomuuliza.

Shida ya ndani zaidi ni hii: sheria inamtaka afikiri mwanamke ambaye mara nyingi hafikiri. Utafiti wa Berlin uliochapishwa mwaka 2002 uligundua kwamba mimba moja kati ya takriban 475 haikutambuliwa au haikukubaliwa na mama hadi wiki ya 20, na moja kati ya takriban 2,455 hadi alipoanza kujifungua. Hao walidhani wameumwa tumbo. Mtu wa namna hiyo hana muda wa kusoma bango kwenye ukuta wa kituo cha zimamoto. Ndiyo maana wanaofanya kazi hii kwa muda mrefu hutaka habari ziingie darasani kabla ya mimba yenyewe, na majimbo kadhaa yameagiza ifundishwe sekondari.

Tangu 2021 mjadala umeingia siasa kali zaidi. Siku Mahakama ya Juu ya Marekani iliposikiliza kesi ya Dobbs kuhusu utoaji mimba, Jaji Amy Coney Barrett aliuliza kama sheria hizi hazimwondolei mwanamke mzigo wa kulazimishwa kuwa mzazi. Hukumu ya Juni 2022 iliyofuta haki ya kikatiba ya kutoa mimba ilizitaja pia. Kuanzia hapo majimbo kadhaa yaliongeza siku na visanduku. Wanaopinga wanasema sheria iliyotungwa kwa ajili ya wanawake wachache waliofikwa na taharuki imefanywa jibu la swali la mamilioni. Ukiniuliza mimi, nitasema miezi tisa ya mimba haikabidhiwi kituoni.

Baba, na jina la mtoto

Mama anapoondoka bila jina, baba hupotea naye. Huenda hakujua kuna mimba. Sheria hujaribu kumtafuta: tangazo gazetini, kupekua daftari la wanaume waliojiandikisha kuwa huenda ni baba wa mtoto. Michigan humpa baba siku 28 tangu tangazo litoke, na akijitokeza vipimo vya vinasaba huamua. Lakini tangazo linasema nini? Kwamba mtoto wa kiume alikabidhiwa tarehe fulani katika kaunti fulani. Mwanamume asiyejua kwamba mpenzi wake alikuwa mjamzito hana sababu ya kusoma tangazo hilo. Kwa watoto wa asili ya Wahindi Wekundu kuna tatizo la ziada: sheria ya mwaka 1978 inayapa makabila yao haki ya kuarifiwa kabla mtoto wao hajaasiliwa nje, na kabila haliwezi kuarifiwa kuhusu mtoto ambaye hakuna anayejua ni wa nani.

Kisha mtoto mwenyewe hukua. Mkataba wa Haki za Mtoto unampa haki ya kuwajua wazazi wake kadiri inavyowezekana, na kamati ya Umoja wa Mataifa inayousimamia imekosoa visanduku vya watoto kwa msingi huo. Ujerumani, iliyokuwa na visanduku tangu 2000, ilitafuta njia ya kati kwa sheria iliyoanza Mei 2014. Mwanamke hujifungulia hospitali kwa jina la kubuni akihudumiwa na wakunga kama mama mwingine yeyote, na jina lake la kweli hufungwa kwenye bahasha inayohifadhiwa na serikali. Mtoto akifikisha miaka 16 anaweza kuomba kulijua. Naona hiyo ndiyo sheria iliyofikiriwa vizuri kuliko zote nilizozisoma, kwa sababu humlinda mama saa ile ya kujifungua, ambayo ndiyo inayoua. Marekani inajua hilo, ila inaendelea kuahidi siri ya milele katika zama ambazo kipimo cha vinasaba cha mate kinachouzwa mtandaoni kinaweza kumtaja binamu wa tatu na kuivunja siri yote kwa wiki chache.

Kwetu

Barani Afrika, Namibia imeandika sharti la namna hii kwenye sheria. Sheria yake ya malezi na ulinzi wa watoto ya mwaka 2015, iliyoanza kutumika Januari 2019, inamruhusu mzazi kumwacha mtoto salama mahali palipotajwa, pakiwemo hospitali, kituo cha polisi na kituo cha zimamoto, bila kushtakiwa kwa kumtelekeza, maadamu mtoto hana dalili za kuumizwa.

Kenya na Tanzania hazina kifungu kama hicho. Zilichonacho ni urithi wa Kiingereza. Kifungu cha 210 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya na cha 199 cha Tanzania vinamtambua mama aliyemuua mtoto wake wa chini ya miezi 12 akiwa akili yake imevurugika kwa athari za kujifungua au kunyonyesha, na vinataka aadhibiwe kama aliyeua bila kukusudia. Yaani sheria zetu zinaikubali hali ya mwanamke huyo baada ya mtoto kufa. Mtoto akiwa hai na mama akimwacha, kuna kosa la kumtelekeza, na picha ya mama akiwa amekamatwa itatoka gazetini.

Pamoja na hayo, hakuna sheria yetu inayofanya kuomba msaada kuwa kosa. Mama anayemwambia mkunga wodini kwamba hawezi kumchukua mtoto nyumbani, au anayekwenda kwa afisa ustawi wa jamii, au kwenye dawati la jinsia na watoto la polisi Tanzania, anaanzisha utaratibu halali wa malezi ya kambo au kuasili. Namba 116 ya msaada kwa watoto inafanya kazi Kenya na Tanzania bila malipo. Anachokosa ni ahadi iliyoandikwa kwamba hataulizwa yaliyopita, na bila ahadi hiyo mkunga naye hajui kama anaruhusiwa kumjibu, "Mlete, dada, nitampokea," bila kupiga simu polisi kwanza. Kuiandika hakuhitaji visanduku wala vitambuzi. Kunahitaji aya moja kwenye Sheria ya Mtoto ya 2009 kwa Tanzania, na moja kwenye Sheria ya Watoto ya 2022 kwa Kenya: nani anapokea, wapi, hadi siku ya ngapi, na mama ana muda gani wa kurudi.